Siku Kiondo Changu Kilipigwa Mnada Kanisani

Haya, chekeni mapema mmalize, kwa sababu hii stori nikiianza sitaki mtu anikatize, na mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini ile Jumapili yenyewe sikucheka. Ile Jumapili nilitamani sakafu ya kanisa ipasuke inimeze na gauni langu la maua, na hadi leo nikisikia mtu ametamka neno "mnada" jasho linanitoka mgongoni.

Mambo yalianza na Mwende wetu, mtoto wetu wa pekee, miaka kumi na moja. Walipimwa shuleni, tukaambiwa uzito wake umezidi, tumpeleke kituo cha afya kule Tawa. Mimi nilikasirika sana (mtoto kuwa na mashavu, hiyo si ndiyo sifa ya mama? Mama mkwe wangu alikuwa anayaonyesha wageni!), lakini tukaenda, tukapelekwa kwa mshauri wa lishe, dada mmoja anaitwa Ndinda, ambaye sisi wote tunamwita Daktari ingawa kila mara anatukataza.

Nilifikiri atampa Mwende dawa twende nyumbani. Akatuangalia sisi watatu, mmoja mmoja, akasema, "Mimi sishughuliki na mtoto peke yake. Mimi nataka nyumba nzima."

Nyumba nzima! Baba Mwende akaanza kuangalia dirisha. Huyo ni mtu wa bodaboda, hata kwenda kununua chumvi lazima awashe pikipiki, na sasa anaambiwa jioni tutembee wote kwa miguu, chakula kiwe kimoja kwa kila mtu, nusu ya sahani iwe mboga, soda na vitu vya kukaanga visiingie nyumbani, tena hakuna kumwita mtoto mnene na hakuna kumlaza njaa. Tukaitikia ndiyo, ndiyo, vile watu huitikia wakitaka kwenda. Ni Mwende aliyeuliza swali la maana. "Na hawa pia watafanya?" Daktari akamwambia ndiyo. Mwende akasema, "Basi nitafanya. Lakini nikijua kuna mtu anakula kwa kujificha, mimi naacha siku hiyo hiyo."

Tukapeana mikono hapo hapo, watu wazima na mtoto, na Daktari akiwa shahidi.

Na yule mtoto akashika neno lake, niwaambie ukweli. Zamani saa ya michezo alikuwa anajifanya anaumwa na tumbo, kwa sababu kuna wasichana walikuwa wanamcheka akikimbia. Sasa akaingia timu ya netiboli, anarudi nyumbani magoti yamejaa vumbi, anaongea bila kupumua vile alivyozuia mpira, na mimi nikimsikia naingia jikoni naimba peke yangu. Kwa hivyo msidhani sikujua ninachochezea. Nilijua vizuri sana.

Lakini mandazi ni mandazi jamani.

Jumamosi hiyo nilienda soko Tawa kuuza parachichi, nikapita kwa yule mama wa mandazi karibu na stendi, akanisalimia kwa jina (hapo ndipo shida ilipo, wakikujua kwa jina umekwisha), na mandazi yenyewe yalikuwa ndiyo yanatoka kwa mafuta. Nikasema nitanunua machache, nile Jumapili nyuma ya kanisa watu wakiwa wanasalimiana, maana ibada yetu ni ndefu na mimi njaa hunishika kabla hata ya mahubiri. Nikaongeza chupa ndogo ya soda, kwa sababu mandazi makavu yatanikwama. Nikafunga yote kwa gazeti, nikashindilia chini kabisa ya kiondo changu, kile kikapu cha kusuka, kazi nzuri ya mkono wa mama mkwe, nikaweka leso juu, nikaweka chupa ya maji ya Mwende juu ya leso. Nani angejua?

Asubuhi tukapanda mlima kwenda kanisani kwa miguu, pikipiki tumeiacha nyumbani. Tukifika pale penye mwinuko, Baba Mwende akaniambia kwa sauti ya upole, "Mama Mwende, lete kiondo nikusaidie." Miaka yote ya ndoa yetu huyo mtu hajawahi kunibebea hata kitana! Nikaona haki Daktari Ndinda ametengeneza mpaka mume wangu. Akabaki nyuma kidogo nacho, akasema anafunga kamba ya kiatu, kisha akanirudishia mlangoni, akaenda kuketi upande wa wanaume.

Sasa Daktari mwenyewe alikuwa amekuja kanisani siku hiyo, Mchungaji alimwalika aongee na wazazi, kwa sababu anataka familia zingine zijiunge. Na Mchungaji, bila kunionya, akasema, "Kabla Daktari hajaongea, tumsikie Mama Mwende, atupe ushuhuda."

Hapo ndipo nilifanya kale kauamuzi kadogo. Mwende aliyekuwa ameketi kando yangu alikuwa amenyoosha mkono kwa kiondo, ananong'ona, "Mama, naomba maji." Nikawaza, nikimwachia hiki kiondo atachokora, ataona. Nikamwambia subiri, nikakinyakua, nikaenda nacho mbele. Nikakiweka chini ili nishike maikrofoni vizuri, na pale nilipokiweka ni kando ya ile meza ya sadaka.

Kanisa letu ni la wakulima. Asiye na pesa analeta alichonacho, ndizi, mayai, kuku amefungwa miguu, vinawekwa mbele kando ya meza, na mwisho wa ibada Mzee Kilonzo anavipiga mnada, anayetaka ananunua, pesa zinaingia kanisani. Kila mtu anajua hivyo. Hata mimi ninajua hivyo! Lakini mkipewa maikrofoni mtaniambia.

"Bwana asifiwe!" nikasema. Wakaitikia. Nikapata nguvu. "Kwetu nyumbani tumebadilika! Mandazi nimesahau hata umbo lake! Hata nikiota usiku, naota sukuma wiki!" Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, Daktari anatabasamu, Mwende wangu kule kwenye benchi uso unang'aa kwa kujivunia mama yake. Nikarudi kuketi nikiwa naelea, na kiondo nikakisahau pale pale.

Niligutuka Mzee Kilonzo akiwa ameuza kuku na ndizi, na sasa amekiinua juu kwa mikono miwili. "Kanisa, kuna mtu ametoa kiondo na vitu vyake ndani, hata hakusema! Hiyo ndiyo sadaka! Nani ataanza?"

Nikisema ni changu, atanipa, lakini Daktari yuko hatua moja kutoka pale na harufu je? Nikaona heri nikinunue haraka kikiwa kimefungwa, na aliyekitambua angedhani nimejuta tu kukitoa. Nikainua mkono, nikataja bei. Mara nikasikia kutoka upande wa wanaume mtu ameongeza.

Ni Baba Mwende!

Nikamkazia macho, yaani, wewe, keti chini. Na yeye akanikazia macho, yaani, wewe, nyamaza. Nikaongeza. Akaongeza. Nikaongeza tena, na yeye akasimama kabisa, amevua kofia, anaongeza kama mtu anayenunua shamba. Kanisa likaanza kugeuza shingo, huku, kule, huku, kule.

"Ngojeni kwanza," Mzee Kilonzo akasema. "Bwana na bibi wa nyumba moja wanapigania kiondo? Kanisa lazima lijue kuna nini humu."

Akatoa chupa ya maji, akatoa leso, akatoa gazeti limelowa mafuta, akalifungua, akainua mandazi moja juu watu wa nyuma wapate kuona. Akatoa soda. Mimi nikainua macho nikaanza kusoma mabati ya paa. Na nawaambia ningeweza kuponea hapo, kwa sababu nusu ya wanawake wa kanisa letu wana kiondo kama kile, na hakuna aliyekuwa ametaja jina langu. Lakini Mzee Kilonzo akaingiza mkono tena, pembeni, akatoa kifurushi kingine ambacho mimi sikijui, utumbo uliojazwa nyama ukachomwa, akakinusa, akapiga kelele, "Na mutura!"

Nikaruka juu. "Woi, Mzee! Hiyo mutura si yangu!"

Ndipo nikasikia maneno yangu mwenyewe.

Kanisa lilianguka. Watu walicheka mpaka wa kwaya wakashikana, Mchungaji akageuka akaangalia ukuta mabega yakimtetemeka, Daktari amejifunika uso na kitambaa. Na kule kwa wanaume Baba Mwende amesimama, ameinamisha kichwa, anazungusha kofia mkononi, na nikakumbuka ule upole wa mlimani na ile kamba ya kiatu (viatu vyake vya kanisani havina kamba!).

Mtu mmoja tu hakucheka. Mwende aliinuka, akatembea mpaka mbele, akachukua chupa yake ya maji, akanywa taratibu, akaifunga, akatoka nje.

Hapo kicheko chote cha watu hakikuniuma tena, niliumwa na ule mgongo wake ukipita mlangoni. Nikajua ameacha. Netiboli imekwisha, na ni mimi nimeiua, kwa mandazi ambayo hata sikuyaonja. (Yalinunuliwa na mke wa Mchungaji. Mutura alichukua mwalimu wa kwaya. Kiondo tulikinunua sisi wenyewe, bei ya juu.)

Tulimkuta ametangulia njiani, mbali, hageuki nyuma. Mimi na Baba Mwende tuligombana kwa kunong'ona mteremko mzima, wewe ulianza, hapana ni wewe, mpaka tukafika kona ya tangi la maji tukampata ameketi juu ya jiwe, anatungoja.

"Mama," akasema, "ulikuwa unasikia njaa?"

"Sana, mwanangu."

"Na wewe, Baba?"

"Mimi mutura nilikuwa naiota," Baba Mwende akasema, na hakuwa anatania.

Mwende akakwaruza jiwe na kucha. "Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Nyinyi mnakula mboga mnacheka, mnasema ni tamu, na mimi natamani chapati kila siku. Nikadhani nina ubaya fulani."

Woi. Nilikaa chini pale pale kwa vumbi na gauni langu la maua, nikalia. Nilimwambia hana ubaya wowote, waongo ni sisi, na Baba Mwende akamshika bega. Mwende akatuacha tumalize, kisha akasimama akajipangusa sketi.

"Siachi," akasema. "Lakini mkitamani kitu, mnaniambia. Na kiondo nabeba mimi."

Tulipomweleza Daktari, alisema kwa kweli siku hiyo ndiyo tulianza. Sasa kila Jumamosi kuna mandazi nyumbani kwetu, moja kwa kila mtu, mezani, mchana peupe, na mwenye tamaa katikati ya wiki anaisema kwa sauti tunamcheka kisha tunatoka kutembea. Familia zingine za kanisani nazo zilijiunga, kwa sababu waliona kama sisi tumekubaliwa, hakuna wa kukataliwa.

Mimi nimeapa, mtu akinipa maikrofoni, nitasema amina na kuketi. Na kiondo sijakigusa tangu siku hiyo. Jumapili iliyopita, katikati ya mahubiri, nilimwomba Mwende leso nijifute jasho. Akaingiza mkono, akaitoa, akainusa kwanza, ndipo akanipa.