Gulamu na Kitabu Kilichowekwa Chini ya Friji

Jamani, hata sasa hivi nimeshika simu nikataka kumpigia Gulamu. Tumemzika jana, Kibiti. Rafiki yangu tangu ujana, mtoto wa duka la Kihindi pale barabarani.

Mniwie radhi mnaonifuata hapa, leo sina maneno matamu. Msibani bwana mmoja kasimama, kasema marehemu alipenda kusoma kwa sababu "enzi ya Mwingereza vitabu vilikuwa tele." Tele kwa nani?

Enzi hizo sukari ilifungwa kwa magazeti makuukuu ya Uingereza. Siku moja Gulamu yuko kaunta, akasoma nusu ya ukurasa: watu wawili, kila mmoja anavutia kwake, mwisho wote wanapata hasara. Gazeti liliiita nadharia ya michezo, yaani hesabu za watu wanaoshindana. Jibu la namna ya kujinasua lilikuwa nusu ya chini, na hiyo alishaichana mwenyewe akamfungia sukari mama mmoja wa kijiji cha Umwe.

Akamkimbilia kwa baiskeli. Mama akamwambia, "Nishawashia moto, mwanangu. Kwani ilikuwa na nini?" Alivyorudi na hasira, oh my God!

Msimu wa mpunga nikamchukua shambani kwetu Ngorongo. Mama yangu yuko juu ya dungu, kile kibanda chetu cha juu ya nguzo, na jirani yuko juu ya lake, wanaamia ndege, wanawafukuza wasile mpunga. Mama akipiga kelele, ndege wanahamia kwa jirani. Jirani akigonga debe, wanarudi kwetu. Kutwa nzima hivyo hivyo.

Gulamu akanishika mkono. "Seifu! Hii ndiyo ile karatasi!"

Mama akajibu kutoka juu, "Ndege hawaogopi karatasi, baba. Piga kelele nawe."

Mnacheka, lakini Gulamu alikuwa na lake moyoni. Baba yake na baba yake mdogo walikuwa na maduka yanayotazamana, wanashindana kushusha bei mpaka rafu zote zikaanza kubaki tupu. Gulamu alitaka kitabu kimfundishe namna ya kuwatoa humo kabla hawajamalizana.

Cha kwanza kilitoka Dar. Alama za hesabu tangu ukurasa wa kwanza, hakuna hata mfano mmoja. Cha pili kikawa cha kamari. Mama yake alikitupa jalalani, akaenda kunawa mikono.

Cha tatu alikiona mwenyewe akipeleka mafuta ya taa klabu ya Wazungu, bomani. Jalada lilisema ni cha wanaoanza nadharia ile, chenye mifano ya biashara na kilimo. Walikuwa wamekitia chini ya mguu wa friji ili lisiyumbe.

Tukaenda kukiazima, tumevaa kanzu safi. Gulamu kabeba na tofali, kalifunga vizuri kwa gazeti, liwekwe badala ya kitabu.

Katibu wa klabu akatuonyesha kibao, Members Only, wanachama peke yao, akacheka. "Muuza chumvi atakifanyia nini?" Tofali akalipokea, akazuilia mlango. Kitabu akakiacha pale pale. Disgusting! Uchafu mtupu, na alikuwa amevaa nyeupe tangu kola mpaka soksi.

Duka la baba mdogo likafungwa, la baba yake likafuata. Ndugu wale walikufa hawasemeshani.

Wazungu walipokaribia kuondoka, Gulamu akarudi klabu kujaribu bahati. Akamkuta mpishi anachochea moto wa vitabu uani, na kile cha chini ya friji kimo. "Bwana kaamuru kisichobebeka kichomwe," mpishi akamwambia. Friji walilibeba.

Mwaka huu mjukuu wake kamletea kitabu kizuri, kimeandikwa kwa lugha ya mtu wa kawaida. Macho yake yalikuwa yameshakwenda, basi nikawa namsomea barazani. Mimi sielewi kitu, yeye ananisimamisha, "Hapo, hapo. Rudia."

Wiki iliyopita tukafika kwenye mfano wa wafanyabiashara wawili wanaoshushiana bei. Nilisoma mpaka mwisho, pale wanapoacha kushindana na wote wanapona. Gulamu akaniambia nirudie. Halafu akasema, "Kumbe ilikuwa inawezekana."

Yule katibu hakumtaja hata kwa jina. Akaniomba maji, akanywa, akaniambia niendelee.

Lala kwa amani, Gulamu. Wewe ulisamehe. Mimi bado.