Ubao Uliokaa Juani Miezi Saba

Saa tatu asubuhi, Penina Clemensi yuko uani kwake Ganako, wilayani Karatu, analielekeza dishi la mita mbili kwenye mwezi. Mwezi umebaki nusu, mweupe, juu ya mashamba ya ngano. Wapita njia hudhani anatafuta chaneli ya mpira.

"Hili halioni mwanga, linapokea joto," anasema. "Jua likiupasha udongo wa mwezi, joto linatoka kama mawimbi ya redio. Linatoka chini ya vumbi, ndiyo maana linafika kilele siku kadhaa baada ya jua kali kupita."

Leo kila mara anaichungulia simu yake.

Kila kipimo huanza na ubao mweusi ambao joto lake linajulikana. Dishi huulinganisha na mwezi. Ukikosea joto la ubao, umekosea na la mwezi. Na mama huyu wa watoto watatu amekosea miezi saba mfululizo.

Zamani kazi yake ilikuwa kusoma vipimo vya hali ya hewa kwenye shamba la kahawa, miaka kumi na mmoja. Huko alikaririshwa kwamba kipimajoto hakiachwi juani. Basi ubao ukakaa juani, kipimajoto akakitundika upenuni, kivulini, na joto la kivulini akaliandika kuwa ndilo la ubao. Jumanne ya wiki iliyopita aliushika ubao, ukamuunguza.

"Nilikaa palepale kwenye majani. Nikajiuliza, ninyamaze? Nani atajua?"

Mkataba wake unaisha mwezi huu. Siku ya tatu akampigia simu Dk. Modest, mtafiti aliyemwajiri, akamweleza yote.

"Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, 'Mama Goodness, nipe wiki moja.'"

Wiki hiyo inaisha kesho, na simu haijaita.

Tumaini lake ni daftari. Kwa mazoea tu, bila kuagizwa na mtu, kila siku aliandika kama kulikuwa na jua kali au mawingu. Sasa amefunga kipimajoto kingine kwenye ubao wenyewe, anavisoma vyote viwili kila nusu saa. Akijua ubao unazidi kivuli kwa joto kiasi gani, jua linapowaka na linapofichwa, hesabu za nyuma zitarekebishika.

"Akinifukuza, sitamlaumu," anasema, akiandika. "Ila hii kazi naimaliza kwanza. Atakayekuja baada yangu asirithi makosa yangu."