Siku Nilipomtaja Mama Redioni

Mama alifua mashuka katika hoteli moja ya Bofa, Kilifi, kwa miaka mingi. Wageni walipoondoka waliacha vyumbani vitu walivyovichoka, na wafanyakazi wakagawana. Vitabu vya katuni havikutakwa na mtu, basi akaniletea mimi nyumbani Kibarani. Vilikuwa vya Kiingereza, nami nilikuwa sijaanza shule. Alasiri akirudi kazini aliketi mkekani, akanipakata, akanisomea.

Niliyempenda zaidi ni shujaa mmoja wa joho la kijani, ambaye mwili wake uligeuka jiwe kila alipoguswa na mvua. Kwa maelezo ya Mama, shujaa huyo alikuwa akimtafuta mkewe, aliyefichwa na ndugu zake kwa kuwa hawakumtaka shemeji wa jiwe. Mke ndiye yule mwanamke wa nguo nyekundu. Kila walipokutana alimpiga mumewe makonde kwa sababu amechelewa kuja.

Nilipofika darasa la sita nikaweza kuvisoma mwenyewe. Mwanamke yule hakuwa mke wa mtu. Alikuwa adui, na walichogombania ni mtambo ulioibwa. Hapo nikaelewa kwamba Mama hajui kusoma. Sikumwambia neno. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo kama wenzake, akakitazama na kuimba, nami nilisimama kando yake nikihakikisha ukurasa ni wenyewe. Nilidhani hiyo ni siri yetu sote wawili.

Sasa mimi ni mtangazaji katika redio ndogo ya Malindi, na Jumamosi huzungumzia filamu. Hadithi ya shujaa yule ilipotengenezewa filamu na kuonyeshwa katika ukumbi mmoja mjini, nilimwita Mama tukaitazame. Alikaa na mkoba mapajani, hakupepesa macho. Mwanamke wa nguo nyekundu alipotokea, alinigusa mkono.

"Ndiye mkewe huyo," akasema.

"Ndiye," nikamjibu.

Kipindini nilianza vizuri. Niliisifu filamu kwa rangi zake, ambazo zilifanana kabisa na zile za kitabuni, na kwa mvua, ambayo kila ilipoanza ukumbi mzima ulinyamaza. Nilimsifu mwigizaji wa yule adui. Alitisha bila kupaza sauti. Kisha nikataja kasoro. Kila penye huzuni mtu alitupia mzaha, hata hukupata nafasi ya kuumia. Nusu saa ya mwisho ilikuwa majengo yanayoporomoka tu. Na hatukuelezwa kwa nini adui anautaka ule mtambo, ila kwamba anautaka.

Mwenzangu studioni alipiga mwayo. Nikaona kipindi kimepoa.

"Mama yangu hajui hata herufi moja," nikasema, "lakini hadithi aliyonitungia kwa kutazama picha ilikuwa bora kuliko hii."

Nikaisimulia. Niliposema neno "herufi" nilijua nimekosea, na ningeweza kunyamaza. Lakini mwenzangu alikuwa anacheka, ujumbe wa wasikilizaji ukaanza kumiminika, nami nikaendelea. Nikaiga sauti ya Mama. Nikaongeza maneno ambayo hakuwahi kuyasema.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kilifi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kama siku zote, tukaenda kanisani. Wimbo wa kwanza ulipotajwa, mama mmoja wa benchi letu, mtu mwema kabisa, alinyoosha mkono, akamfungulia Mama kitabu na kumwonyesha mstari kwa kidole. Mama alimshukuru. Hakuimba.

Tuliporudi nyumbani aliketi kuchambua mchicha.

"Mama, nisamehe kwa yale ya redioni."

"Kwani ulisema uongo?"

"La. Lakini halikuwa langu kulisema."

Aliendelea kuchambua. Majani mabovu aliyaweka kando, moja moja.

"Watu wa kanisani si kitu," akasema. "Wewe nilidhani hujui. Miaka yote hiyo nilidhani hujui."

Nikamwambia nitaomba radhi hewani, wote wasikie.

"Usinitaje tena huko," akasema, kwa upole, na akaniomba nimletee sufuria.

Sijamtaja tena. Hatujagombana, hunipigia simu kuniuliza kama nimekula, nami humtembelea kila nipatapo nafasi. Ila sasa nikiwa nazungumza naye najisikia kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Yeye hunihadithia habari za majirani na za kuku wake. Mengine hayagusi.

Mwaka huu sehemu ya pili ya filamu ilikuja Malindi. Nilimpigia kumwalika. Alisema magoti yanamsumbua, labda siku nyingine. Nilikwenda peke yangu. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, na Jumamosi nikawaambia wasikilizaji hivyo.