Pini Zilizosingiziwa

Wifi yangu hakujua kukaa kimya, na mdomo uliomgombanisha na majirani ndio huohuo uliomletea wateja. Tulishona katika chumba kimoja, cherehani yake dirishani, yangu mlangoni. Mteja aliyekuja kupimwa gauni aliondoka na habari za mtaa mzima, na wifi alizitoa huku pini kadhaa amezibana upande wa kushoto wa mdomo, wala hakuna iliyodondoka. Kaka yangu, mumewe, alisema ameoa redio isiyo na pa kuzimia.

Kwa hiyo kidonda kilipotokea pembeni mwa ulimi, upande uleule wa kushoto, hakuna aliyeshangaa. Ni pini, akasema, na duka zima likakubali. Mafundi tunajichoma kila siku. Nani aende hospitali kwa kuchomwa? Akazihamishia kulia, akasukutua kwa maji ya chumvi, akaendelea na umbea wake.

Kidonda kikagoma kupona. Akanunua kijimto cha kuchomekea pini, kitu alichokuwa akikicheka kwamba ni cha wanagenzi. Mdomo ukabaki mtupu, mwezi ukapita. Akaacha pilipili, chai akawa anainywa imepoa, na sikio la upande ule likaanza kumuuma. Mimi nina ugonjwa wangu: siwezi kuona uzi umelegea nisiuvute. Nikaacha kazi mkononi, nikamwambia afungue mdomo. Pembeni mwa ulimi palikuwa na doa jeupe lenye wekundu katikati, na nilipogusa palikuwa pagumu.

"Wifi, pini umeziacha," nikasema. "Mbona kidonda hakijakuacha?"

Alikasirika. Akasema nimeshindwa na suruali za watu, sasa najifanya daktari. Kesho yake akaja amevaa viatu vya kutokea, akasimama mlangoni bila kuingia. Nikafunga duka, tukaenda.

Daktari hakutaka hata kumaliziwa hadithi ya pini. Alisema kidonda cha mdomoni kikifika wiki tatu bila kupona, mtu asikibembeleze, aje kiangaliwe. Akakata kinyama kidogo kikapimwe.

Kungoja majibu kulitutia wazimu. Wifi alifumua mishono iliyokuwa sawa, akaishona upya. Alitupa vitambaa tulivyokuwa bado tunavihitaji. Nikimwambia akae, anakaa, anainuka, anauliza kama saa ya ukutani inatembea. Mimi nilikata shati la mtu lenye mikono miwili ya kushoto, na wala hatukucheka.

Ilikuwa saratani. Ndogo bado, akasema daktari, haijasambaa. Itaondolewa pamoja na kipande cha ulimi. Mimi nilisikia "ndogo". Yeye alisikia "ulimi".

"Nitaongea?" akauliza.

Daktari hakumdanganya. Ataongea, ila maneno mengine yatakuwa mazito, na kuna mtu atakayemfundisha kuyatamka upya. Tena atakuwa akirudi kupimwa, kwa miaka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichonichosha ni nyumbani. Maneno yake yalitoka kama ya mtu mwenye chakula cha moto mdomoni, na sote tukawa watu wa adabu ghafla. Akisema jambo tusilolielewa, tunaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Tulidhani tunamhurumia. Yeye akawa anazunguka kutoka chumba hadi chumba, anafungua makabati na kuyafunga, na kila siku anasema machache zaidi.

Jioni moja, mezani, alimtazama kaka akasema kitu.

"Sawa, sawa, mke wangu," kaka akajibu.

Wifi akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Usiseme sawa kama hujasikia," akasema, akilisukuma neno mojamoja. "Niulize."

Hilo tulilielewa wote, na aibu ilinishika mpaka shingoni. Kaka akaweka kijiko chini, akasogeza kiti chake karibu naye.

"Sijasikia," akasema. "Umesemaje?"

Akarudia. Kaka hakuelewa, akauliza tena. Akarudia, kamasi na machozi vikimtoka kwa hasira, na safari hii maneno yakafika.

"Naogopa kidonda kitarudi."

Hilo ndilo tulilokuwa tumelijibu sawa, sawa. Kaka alimshika mkono.

"Na mimi naogopa," akasema. "Endelea, nakusikia."