Nilimwita shahidi barazani Kihesa, akaitikia

Wakuu wa mabweni yote, kamwene. Na ninyi wadogo mnaosoma kwa kuchungulia makwapani mwa wakubwa, karibuni, ila msisukumane.

Najua mkiona jina langu mnaanza kucheka kabla ya kusoma. Mimi ndiye niliyemvika mbuzi wa mwalimu tai, sikatai. Lakini hiki ninachokitundika leo kwenye uzi wa matangazo hapa bwaloni ni kweli tupu.

Mnakumbuka sisi wa darasa la sheria tuligawiwa ofisi za serikali likizo hii, tukajifunze kwa vitendo. Wengine walibaki hapa Mbeya, bomani kwa Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Wengine wakaenda Ubaruku kwenye kesi za mifereji ya mpunga. Mimi nikapandishwa basi hadi Iringa, baraza la Kihesa.

Practical yenyewe mwanzoni ilikuwa kufagia na kuchonga penseli za karani. Picha ya Malkia ilikuwa imelala upande. Kuinyoosha ndiyo kesi yangu ya kwanza, na nilishinda.

Kisha baridi ikamkausha sauti tarishi, ambaye ndiye huita mashahidi. Hakimu akaniangalia.

"Wewe wa Mbeya, mdomo unao. Leo utaita."

Kwa wasiojua: shahidi asipoonekana, huitwa jina mara tatu kutoka mlangoni, kwa sauti ya kufika barabarani. Asipoitikia, kesi inaendelea bila yeye. Na kesi ikiisha, aliyemwita ndiye humruhusu aende zake. Ndiyo order, tarishi alinifundisha kwa kunong'ona.

Kesi ilikuwa ya Mama Atu, mjane. Shemeji yake, Bwana Kihwele, alilitaka shamba la marehemu. Mama alisema mumewe alimkabidhi akiwa hai, na aliyeshuhudia ni mmoja tu: Mzee Nyenza, anayekaa mbali huko, safari ya kutwa kwa miguu. Bila yeye, mama na wanawe walikuwa wanahama kabla ya mvua.

Mzee Nyenza hakuwepo.

"Nilimkuta sokoni jana," akasema Kihwele, amekaa kama benchi ni lake. "Kaniambia haji kusema uongo wa huyu mama."

"Shemeji, mzee hawezi kusema hivyo."

"Haya, muulize basi."

Nikatoka mlangoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlingoti wa bendera nauona nusu tu.

Nikaita. Kimya.

Mara ya pili nikatia madoido, nikalivuta jina kama kondakta anayeita abiria. Kimya. Hata kuku wa karani walinyamaza.

Mara ya tatu utani uliniisha, sijui kwa nini. Niliita kama ninavyomwita babu yangu.

Nyuma ya baraza mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi. Kisha: "Naam. Nakuja."

Nikaingia. "Ameitikia, Bwana Hakimu. Anakuja."

Tukasubiri. Mlango wazi, ukungu unaingia polepole hadi miguuni mwa watu. Hakuna hatua iliyosikika.

Nikatumwa kutazama. Nyuma ya baraza hapakuwa na mtu. Umande ulikuwa mweupe kwenye nyasi, haujakanyagwa popote. Wakuu, nilirudi mbio.

"Simwoni. Lakini ameitikia."

"Kijana, hapa si bwenini kwenu."

"Naapa, Bwana Hakimu. Kasema anakuja."

Hakimu akaegemea kiti. "Basi tutamsubiri."

Hapo Kihwele akasimama. Jasho linamtoka, kwenye baridi ile.

"Mnamsubiri nani? Hawezi kuja huyo. Tumemzika Jumamosi, jembe nimeshika mimi mwenyewe."

Baraza zima likageuka. Mama Atu akajifunika uso. Hakimu akaweka kalamu chini.

"Jumamosi umemzika. Jana ukamkuta sokoni."

Kihwele akakaa tena, safari hii pembeni mwa benchi. Wazee wa baraza hawakukaa sana. Walisema mtu anayeficha kifo cha shahidi anajua shahidi angesema nini. Shamba likabaki kwa mama.

Karani akanipiga bega: "Umemtega vizuri." Hakimu naye akaniita pembeni: "Usirudie kunidanganya barazani, hata kwa wema." Nikamwambia sikudanganya. Akacheka.

Wote walicheka, isipokuwa Mama Atu. Alinisubiri njiani, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kabla ya kuitikia, alikohoa?"

Habari ya kikohozi sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ndiye," akasema. "Lazima akohoe kwanza." Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda.

Nilichojifunza practical, wakuu: ukizoeleka kwa utani, siku ya kweli unabaki nayo peke yako. Hilo la kwanza.

La pili nililikumbuka ndani ya basi la kurudi Mbeya, tumeshapita Ubaruku. Kwa furaha ile ya hukumu, nilisahau kumruhusu. Nilimwita, akasema anakuja, kesi ikaisha, na hakuna aliyemwambia asije.

Jana mchana, mkiwa mpirani, nilikuwa peke yangu hapa bwaloni. Nje ya dirisha mtu akakohoa. Kikavu, kifupi.

Kama ni mmoja wenu ananitania, aandike jina lake hapa chini. Penseli nimeifunga kwa kamba. Sitakasirika, na nyama yangu ya Jumapili nampa.

Naomba tu mtu aandike.