Mwewe wa Machinjioni

Pale uwanja wa ndege walimwita Kokoto, mpaka mkurugenzi, na mwenyewe alishazoea. Jina alilipata miaka ishirini na mbili nyuma, akiwa karani tu, siku aliyoizuia ndege kuondoka kwa sababu ya jiwe dogo aliloliona kwenye njia ya kurukia. Sasa alikuwa meneja wa usalama na uzingatiaji wa kanuni, na majalada ya kanuni yalijaa ukuta mzima wa ofisi yake. Mama mkwe wake, waliyeishi naye, hakuwahi kuielewa kazi hiyo vizuri. Majirani wakimuuliza alijibu, "Mkwe wangu anazuia mambo yasitokee. Yasipotokea, ndiyo amefanya kazi." Kokoto aliliona jibu hilo bora kuliko lililoandikwa kwenye mkataba wake.

Jumatatu moja, saa nne kasorobo asubuhi, ndege ya abiria ilikuwa ndiyo kwanza imeinua pua, mwewe akaingia kwenye injini ya kulia. Rubani alizunguka, akarudi, akatua salama. Abiria mia moja arobaini na wawili wakashuka, wengine wakinung'unika kwamba watachelewa. Kokoto alisimama chini ya bawa akiitazama ile injini. Alichukua kalamu akaanza kuandika.

Mchana mkurugenzi alimwita. Alikuwa mtu mpole, ila aliogopa wakaguzi kama mtoto anavyoogopa sindano.

"Wakaguzi wanakuja baada ya wiki sita," alisema. "Hili tunaliandikaje?"

"Kama lilivyotokea."

"Nilijua utasema hivyo. Na baada ya kuandika?"

"Nipe siku tatu, mkubwa. Mwewe walikuwa wanapita mmojammoja. Sasa wanakuja kundi zima, kama wamealikwa. Nataka kujua nani amewaalika."

Siku tatu hizo alizimaliza juu ya paa la kituo cha zimamoto, na darubini, daftari na kofia ya mumewe. Wazimamoto walimpandishia kiti, wakamtania kwamba amehamia kwao bila barua. Aliwahesabu mwewe kila baada ya robo saa. Alfajiri walikuwa wawili, watatu. Ikifika saa tatu walizidi thelathini, na wote walitokea upande mmoja, nyuma ya uzio wa mashariki, kwenye machinjio ya mji.

Ijumaa akaenda huko kwa miguu yake. Alikuta matumbo na mabaki ya nyama yamemwagwa kwenye mtaro wa wazi, na mwewe wamejipanga ukutani kama wateja wanaosubiri zamu. Msimamizi wa machinjio alikuwa mzee mnene wa kidevu cha mvi, kisu kiunoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Mama, machinjio haya yalikuwepo kabla ya huo uwanja wenu," alisema. "Ndege wenu wa bati ndio waliowakuta hawa wa manyoya. Sasa nani amhame mwenzake?"

Wachinjaji wakacheka. Kokoto naye akacheka, maana lilikuwa jibu zuri. Mfukoni alikuwa na nakala ya kifungu cha sheria kilichokataza taka za wazi karibu na uwanja, na ulimi ulimwasha kukisoma. Lakini alimwona yule mzee alivyosimama mbele ya watu wake, akajua kwamba akikisoma hapo atapata ubishi wa miezi.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi seremala, aliyekuwa anapiga msasa mguu wa meza barazani.

"Umemwambia," mumewe alisema bila kuinua kichwa. "Umemwonyesha?"

"Nimwonyeshe nini?"

"Sijui, mama watoto. Mimi mteja akibisha kuhusu mbao, nampa aishike."

Kesho yake alirudi machinjioni, na safari hii alikwenda na mwaliko. Mzee alikubali, nusu kwa udadisi, nusu kwa sababu hajawahi kuingia uwanjani. Walimvisha kizibao cha kung'aa kilichogoma kufunga tumboni. Kokoto alimpeleka moja kwa moja karakana, ambako mafundi walikuwa wamebadilisha mapanga mawili ya feni ya ile injini. Alichukua moja lililoharibika akamkabidhi.

Mzee alilipima uzito mkononi. Kisha akapitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, kama afanyavyo mtu aliyeshika visu maisha yake yote. Alipofika penye mkunjo akasimama.

"Chuma hiki kigumu," alisema.

"Kigumu kuliko kisu chako."

"Na kimekunjwa na nini?"

"Mwewe mmoja. Kilo moja hafiki."

Mzee akapitisha kidole tena palepale penye mkunjo.

"Mlikuwa na watu wangapi humo?"

Kokoto akamwambia. Mzee akalirudisha lile panga mezani kwa mikono miwili, akajipangusa viganja kwenye kizibao. "Haya, mama," alisema. "Tukae tuongee. Lakini mimi lori sina."

Wakakaa. Uwanja ulikuwa na makontena mawili ya taka yenye vifuniko, yaliyolala tu nyuma ya bohari, nayo yakavushwa upande wa pili. Halmashauri, baada ya barua nne za Kokoto na simu nyingi kuliko alivyopenda, ikatoa lori la kubeba taka kila siku kabla jua halijapanda. Mtaro ukafukiwa. Wiki ya pili mwewe walipungua wakawa kumi. Wiki ya nne, juu ya paa, Kokoto alihesabu wanne, akashuka mapema akala chakula cha mchana kikiwa bado cha moto.

Wiki ya tano, Jumanne, simu yake ililia saa moja asubuhi.

"Kokoto," ilisema sauti nzito ya yule mzee, na ndiyo mara yake ya kwanza kumwita hivyo. "Lori limekufa njiani. Makontena yamejaa, na tayari tumechinja. Tumefunika kwa maturubai lakini harufu imetoka. Wale jamaa wameshaanza kuja. Waambie marubani wako."

"Umewaona wangapi?"

"Kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili."

Akapiga simu mnara wa kuongozea ndege, marubani wote wakatahadharishwa, na gari la kufukuza mwewe likakaa upande wa mashariki mpaka saa saba, lori jingine lilipopatikana. Ndege tatu zilichelewa kidogo. Kokoto aliandika kila kitu, kisha akabaki ameishika kalamu, anatabasamu peke yake. Katika miaka yote hiyo watu walikuwa wakimficha makosa yao mpaka ayafukue. Huyu, wa nje kabisa ya uzio, amempigia mwenyewe.

Wakaguzi walikuja wawili, mwanamke na mwanamume, wakakaa siku nne. Walipekua majalada, wakapima mistari ya rangi, wakawapa wazimamoto zoezi la ghafla. Kwenye ukurasa wa ile Jumanne, yule mwanamke akasimamisha kidole.

"Aliyetoa taarifa hapa mmeandika 'msimamizi wa machinjio'. Ni mfanyakazi wenu?"

"Hapana. Ni jirani."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani, kisha akaandika jambo refu kwenye karatasi yake. Mkurugenzi, aliyekuwa ameketi pembeni akijipepea na ratiba, alijaribu kulisoma kichwachini, akashindwa.

Ripoti ilitoka na kasoro kumi na moja. Lebo za vizima-moto viwili zilikuwa zimepitwa na wakati, mstari mmoja wa maegesho ulikuwa umefifia, na nyingine za namna hiyo. Kuhusu ndege wa manyoya hapakuwa na kasoro, ila aya moja ya kuusifu uwanja kwa kushirikiana na majirani. Mkurugenzi aliisoma aya hiyo kwa sauti kwenye kikao, mara mbili, kama vile yeye ndiye aliyepanda juu ya paa. Kokoto hakumnyima. Alitoa nakala, akavuka uzio na kumpelekea mzee, naye akaibandika ukutani juu ya mizani, kisha akamwita mke wake aje aione.

Jumatatu iliyofuata Kokoto alivaa buti zake, akachukua orodha ya kasoro, akamtafuta fundi wa rangi. Walianza na ule mstari uliofifia.