Slabu za Jivu na Mdomo Wangu

Nilipokuwa kidato cha tatu hapa Nakuru, wasichana waliniita Mama Jivu. Kila niliporudi shuleni kutoka nyumbani nilibeba gunia la jivu. Baba alichochea makaa ya boila kiwandani, na jivu lilitupwa nyuma ya ukuta mpaka likawa kilima. Mimi nilitaka liwe njia. Mvua ikinyesha, njia ya kwenda jikoni ilikuwa tope tupu, na wasichana wa zamu walianguka na sufuria za uji moto.

Mwalimu wa sayansi alikubali nijaribu: simiti kidogo, jivu jingi, na zege kuukuu lililopondwa badala ya kokoto. Slabu za kwanza, vipande bapa vya kukanyagia, zilimeguka kama mkate mkavu. Nikazigonga kwa nyundo, nikazichanganya upya. Za pili, vilevile. Za tatu zikashika! Mwalimu akasema zikikanyagwa siku ya wazazi zisivunjike, mkuu wa shule ataturuhusu tutengeneze njia yote.

Ila za jivu hukomaa polepole. Zilitakiwa kufunikwa magunia yaliyolowa mpaka siku yenyewe. Ilikuwa Februari, jua kali, na upepo wa alasiri ukitoka ziwani na vumbi la magadi. Niliyamwagia maji asubuhi, mchana na jioni.

Jumatatu ya wiki ya siku ya wazazi, mwalimu wa sayansi alikuwa mazishini Naivasha. Mwalimu wa zamu akaja na ndoo za chokaa. Shuleni kwetu mgeni akitarajiwa, chochote kisichokimbia kinapakwa chokaa.

"Haya magunia machafu ni ya nini? Ondoa! Paka chokaa."

"Usilie, Mama Jivu," msichana mmoja akanitania. "Bibi harusi lazima ang'ae."

Nilijua kila neno la kusema: zikikauka mapema, zitapasuka. Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari langu la siri usiku uliotangulia, nikijua chokaa inakuja. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu," nikashika brashi.

Jumamosi, siku yenyewe, mkuu akamkaribisha mzazi mmoja apite juu yake. Slabu ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikafuata.

"Jivu ni la kumwaga chooni," mkuu akasema. Wazazi wakacheka. Ruhusa ikaishia hapo.

Mwalimu wa sayansi alirudi kutoka Naivasha jioni ile, akachuchumaa, akaokota kipande na kuandika: jivu limezidi, mchanganyiko haufai.

"Mwalimu..."

"Ehe?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

Uongo mtupu! Mchanganyiko ulifaa. Nilijichukia. Jumatatu nikachana ukurasa wa daftari langu la siri, ule wa chokaa na magunia, nikaongeza jinsi yalivyoondolewa, nikaubana ndani ya kazi ya sayansi. Ulirudi na wino mwekundu chini yake: "Ungenitumia hata mtu. Mkuu hataki tena kusikia habari hii."

Niliusoma nikiwa kwenye foleni ya uji. Aliyekuwa mbele yangu akauliza, "Umefeli?"

Nikatikisa kichwa kukana, maana hata kwamba uliofeli ni mdomo wangu, si slabu, sikuweza kulieleza.